Kwa Nini Mkwe Huuliza Chini ya Mvule

Wekeni kamba chini kwanza, ninyi mnaopanda leo kwa mara ya kwanza. Mvule hautahama, na nyuki hawana haraka nanyi. Mpaka neno hili liishe hakuna atakayegusa shina, maana anayefunga fundo asilojua lilikotoka hulifunga kwa vidole tu, na vidole husahau.

Ulikuwako wakati ambapo katika milima yote ya Ngweta hapakuwa na mtu aliyejifunga kamba ili apande mti. Kamba zenyewe zilikuwako: za kufungia mbuzi, za kuburutia magogo, za kuteremshia mizinga iliyojaa. Mzinga ulifungwa, mtu hakufungwa. Miti ilikuwa mirefu kama ilivyo leo, mizinga ilitundikwa kulekule juu ambako nyegere hafiki, na wanaume waliiendea kwa mikono mitupu na magoti yaliyopakwa majivu. Hawakufanya hivyo kwa ujinga, wala kwa kukosa nyuzi za kusokota. Walifanya kwa imani. Wazee wao waliwaambia kwamba siku Muumba alipowapa mababu milima ile, aliwapa na ahadi: mguu wa mwenye haki hautaukosa mti. Ahadi hiyo waliwaimbia watoto wakiwabembeleza, tena waliiapia barazani. Na kwa kuwa walikuwa watu waliolipenda neno kuliko walivyolielewa, wakaliotesha matawi ambayo Muumba hakuyapanda. Wakasema, anayejifunga kamba amemwita Muumba mwongo. Wakasema tena, anayeanguka alikuwa ameficha dhambi.

Tazameni jinsi neno jema linavyoweza kutiwa mpini likawa shoka. Mtu alipoanguka, hakuliliwa. Alizikwa kwenye mteremko ulio nyuma ya msitu, bila matanga, bila mtu kunyoa nywele. Kisha mjane wake aliketishwa mbele ya wazee akaulizwa swali moja tu: “Alificha nini?” Na mpaka ajibu, hakuna jirani aliyempa moto, wala aliyempokea mzigo njiani. Basi wajane walijibu. Upweke ni mwalimu mkali. Mmoja alisema mumewe aliiba jembe; mwingine alisema wake alimtamani shemeji. Wafu wa Ngweta waliuawa mara mbili, na mara ya pili waliuawa kwa ulimi wa waliowapenda.

Katika siku hizo aliishi mwanamke aitwaye Namkunda. Mumewe, Kirita, alianguka kutoka kwenye mvule mkubwa ulio juu ya chemchemi, wakati mtoto wao wa kiume, Mrutu, alikuwa bado anatambaa. Namkunda aliketishwa mbele ya wazee, na aliyemuuliza alikuwa Mzee Kiangi, mshika-ahadi wa Ngweta, mtu mrefu, mwenye sauti ya chini, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akisema uongo. Namkunda aliipekua ndoa yake kama mtu apekuavyo mtama akitafuta jiwe. Alitafuta kwa uaminifu, kwa sababu yeye naye aliiamini ahadi. Hatimaye akainua uso.

“Kirita alificha uchovu,” alisema. “Aliamka hana nguvu, akanificha nisimzuie. Sina jingine.”

“Uchovu si dhambi, mama Mrutu,” alisema Mzee Kiangi.

“Ndivyo nisemavyo mimi, baba.”

Kwa jibu hilo alinyimwa moto masika mazima. Alijifunza kuhifadhi kaa chini ya majivu na samadi, akipuliza alfajiri huku akisali lisife. Hakusema tena habari za Kirita. Akamlea Mrutu na dada yake, na miaka ikapita juu yao kama ukungu upitavyo juu ya migomba, polepole, ukiacha unyevu.

Ikawa Mrutu alipokuwa mwanamume, moyo wake ulimwangukia Nasemba. Huyo Nasemba hakuwa binti wa mwingine bali wa Mzee Kiangi. Wazee walikaa, wakatafuna maneno, wakakubali. Lakini desturi ilitaka pombe ya arusi ipikwe kwa asali ya mzinga wa baba wa bwana arusi. Na mzinga wa Kirita ulikuwa bado juu ya mvule ule ule, kwa kuwa mzinga wa aliyeanguka haukuguswa na mtu ila mrithi wake. Nyuki walikuwa wameujaza na kuujaza tena. Ukisimama chini adhuhuri, uliweza kuusikia.

Tangu siku ile neno hilo liliposemwa, usingizi ulimhama Namkunda. Masikio yake yakawa mtumwa wa kila kinachoanguka. Papai likidondoka nyuma ya nyumba, alisimama. Mtoto wa jirani akiangusha mchi, alishika ukuta. Alitia chumvi mara mbili kwenye mboga, na Mrutu akala akasifu, kwa kuwa alimhurumia. Alijaribu kusali, lakini sala yake iliishia katikati, pale pale kila mara: alisema “Mguu wa mwenye haki,” kisha akaona miguu ya Kirita ilivyokuwa imelala chini ya mvule, mmoja umeelekea mlimani na mwingine bondeni. Aliogopa kwa ajili ya mwanawe. Kisha akaogopa kwa sababu ameogopa, maana alifundishwa kwamba woga ni mlango wa kukosa imani, na ya kwamba huenda yeye mwenyewe, kwa woga wake, ndiye atakayemwangusha.

Ni nani kati yenu ambaye hajawahi kulala na hofu mbili kitanda kimoja, moja ikimlaumu mwenzake?

Siku moja Namkunda alikuwa akivuka kijito juu ya gogo, amembeba mgongoni mjukuu wake, mtoto wa binti yake. Mtoto akaanza kulia kwa njaa. Namkunda alisimama katikati ya gogo ili amhamishie ubavuni ampooze. Mkono wake wa kushoto ukaenda nyuma ukamshika mtoto paja. Ndipo mkono wa kulia ukalegeza fundo la mbeleko. Mtoto akazunguka hadi ubavuni. Fundo likafungwa upya begani na kuvutwa. Ndipo mkono wa kushoto ukaachia. Maji yalikuwa yakinguruma chini yake. Naye akabaki amesimama pale, akitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine.

Alikuwa amefanya hivyo maisha yake yote. Kishikio cha kwanza hakiachi mpaka cha pili kimeshika. Hakuna mama wa Ngweta aliyefanya vinginevyo, na hakuna mzee aliyewahi kumwambia mama yeyote kwamba, kwa kuwa Muumba ni mwaminifu, mtoto na aachwe mgongoni pasipo mbeleko.

Jioni ile alimwita Mrutu.

“Utapanda,” alimwambia, “lakini utapanda umefungwa.”

Mrutu alicheka kwanza, kisha akaona uso wa mamaye. “Nifungwe kama mbuzi wa sadaka, mama?”

“Mbuzi wa sadaka hufungwa ili afe. Wewe nakufunga uishi.”

“Watanicheka kijiji kizima.”

“Na wakucheke, ukiwa na masikio ya kuwasikia.”

“Na ahadi?”

Namkunda aliitazama mikono yake. “Ahadi ilisema mguu,” akajibu. “Haikusema mikono ikae bure.”

Basi wakaanza kazi. Namkunda alisokota nyuzi za mkonge mwitu, akazisuka tatu kwa tatu mpaka viganja vikachubuka. Walikwenda bondeni, kwenye mkuyu mfupi ulioinamia kijito, na hapo wakajifunza kwa kukosea. Kwanza Mrutu alijifunga kitanzi tumboni. Alipojining'iniza kidogo tu, pumzi ilimkatika na macho yakamtoka. Wakakata mkanda mpana wa ngozi ya ng'ombe, ukapita kiunoni na chini ya mapaja, uzito ukakaa kwenye mifupa. Kisha wakaifunga kamba kwenye tawi jeupe, lililokauka vizuri, lisilo na utomvu wala siafu, maana lilionekana safi. Hawakumtundika mtu; walitundika kiroba cha ngozi kilichojaa mawe, kizito kama Mrutu, wakakiachia. Tawi likavunjika kwa mlio mmoja, na mawe yakatawanyika majini. Namkunda alikaa chini, akiyatazama mawe yale. Aliona kila jiwe lina jina.

Tangu hapo hawakuamini tawi lililokufa hata lipendeze vipi. Walitafuta tawi bichi, nene kuliko paja, wakafunga kamba kwenye panda, pale tawi linapoachana na shina. Wakajua kwamba kamba ikifungwa chini ya miguu haimsaidii mtu ila kumchelewesha kufa, kwa kuwa ataanguka urefu wake wote kabla haijamdaka. Lazima ikae juu ya kichwa, tena isilegee. Wakajua kwamba fundo huvutwa kwa nguvu zote miguu ikiwa bado imesimama mahali, si baada ya kuitegemea. Na wakaweka kamba mbili, kama mikono ya mama ilivyo miwili: ya kwanza ndefu, ya kufunga kwenye panda, na ya pili fupi, ya kuzungushia shina. Mpandaji akifikia tawi linalozuia njia, hafungui hii mpaka ile imefungwa juu yake na kuvutwa ikashika.

Siri ya bondeni haikukaa. Mpandaji mmoja aliyeitwa Mbonea, mwenye mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi, aliwaona. Kabla jua halijatua, kisimani hapakuwa na habari nyingine ila kamba mbili, na jinsi hii haifunguliwi mpaka ile imeshika.

“Mrutu, kweli unaoa au unauzwa mnadani?” alimpigia kelele njiani. “Maana nimekuona na kamba shingoni!”

“Kiunoni, Mbonea. Shingoni nakuachia wewe.”

“Siku ya arusi mamako atakufunga kitandani usidondoke?”

Watu walicheka, na Mrutu naye akacheka. Lakini kicheko hicho kilipanda mlima kabla yao, kikabisha hodi kwa Mzee Kiangi.

Alikuja asubuhi, peke yake. Fahamuni kwamba katika Ngweta mchumba hasemi na baba wa binti mpaka siku ya pombe ya asali. Hawaitani kwa majina, hawatazamani usoni. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Basi Mzee Kiangi alipoingia uani, Mrutu aligeuka akaelekea ukutani, na mzee akamsemesha mama kana kwamba kijana ni kinu.

“Mama Mrutu, nimesikia neno.”

“Umelisikia sawasawa, baba. Karibu kigoda.”

Hakuketi. “Nani amekufundisha kumfunga mtu mahali ambapo Muumba ameahidi kumshika?”

“Mama yako, baba.”

Mzee Kiangi aliinua nyusi.

“Alikubeba kwa ahadi tupu,” aliuliza Namkunda, “au kwa mbeleko?”

Kutoka ukutani Mrutu alisema, akiuambia udongo, “Mama, mwambie mgeni wetu hatumdharau Muumba. Tunaogopa tu kumjaribu.”

Mzee Kiangi aliegemea fimbo, akautazama mgongo wa kijana. Namkunda akaona kwamba anamtafuta mtu mwingine pale. Ndipo akakumbuka jambo ambalo Ngweta yote ilikuwa imelisahau kwa hiari: mzee huyu naye alikuwa na mwana, Sengondo, aliyeanguka kabla hajaota ndevu. Sengondo hakuwa na mjane. Aliyeketi mbele ya wazee kujibu alikuwa baba yake mwenyewe, naye alijibu, “Alificha kiburi,” akainuka akaenda kupalilia.

“Kama kamba ni halali,” alisema Mzee Kiangi polepole, “basi…”

Hakumaliza. Namkunda alilisikia lililobaki, na hasira yake yote ikamwishia mikononi. Kama kamba ni halali, Sengondo hakuwa na kiburi. Alikuwa mtoto tu aliyehitaji kushikwa, na baba yake alikuwa amemhukumu bure.

“Akipanda amefungwa,” alisema mzee akiwa ameshaelekea mlangoni, “sina binti wa kutoa. Na nitakuja mwenyewe niwe shahidi.”

Usiku ule Namkunda alimwambia mwanawe, “Ukitaka kupanda bila kamba, kwa ajili ya Nasemba, sitakulaani.” Ilimgharimu zaidi kuyasema kuliko kumzaa. Mrutu alivuta fundo la mkanda wake, akalivuta tena, akasema, “Nasemba ataniona nikiwa hai. Mengine tutayaongea.”

Siku ya kupanda, ukungu ulikuwa umekaa juu ya chemchemi na nyuki walikuwa wazito kwa baridi. Kijiji kilikuja. Mzee Kiangi alisimama kando, mgongo wake ameuelekeza kwa mti, kama desturi ilivyomtaka, akilitazama bonde. Mbonea alikuja na utani wake, lakini alipoona uso wa Namkunda aliumeza.

Mrutu akapanda. Kamba fupi ilikumbatia shina, ikapanda naye hatua kwa hatua. Kwenye tawi la kwanza alifunga ile ndefu kwenye panda, akavuta, akafungua fupi, akavuka, akaifunga tena juu ya tawi. Ilikuwa kazi ya polepole, na polepole hiyo ilimtesa Namkunda zaidi ya haraka yoyote. Watu walinong'ona, “Baba yake angekuwa ameshafika.” Ndiyo, alijisemea moyoni, angekuwa ameshafika. Shingo ilimuuma kwa kutazama juu, lakini hakuthubutu kuinamisha kichwa. Ilimjia kwamba macho yake ndiyo kamba ya tatu, na akipepesa, itakatika.

Ukungu ukamficha. Kisha ukafunguka, akaonekana ameketi juu ya tawi la mzinga, mwenge wake ukitoa moshi. Namkunda alivuta pumzi. Na ni katika pumzi hiyo hiyo jambo lilipotokea, kutoka upande ambao hawakuufikiria. Walipima matawi, wakapima mafundo, wakapima ngozi, moto hawakuupima. Nyuki walimtokea kwa wingi, Mrutu akarusha mkono, na kaa moja la mwenge likaangukia kamba ndefu iliyokuwa imepita begani mwake. Mkonge mkavu hauwaki kwa mwali, huliwa na kaa kimyakimya. Alipousukuma mzinga utoke kwenye tawi, aliegemea, kamba ikakatika, naye akateleza.

Kelele ilipanda kutoka kwa watu wote. Mzinga ulipita hewani, ukapasuka juu ya mizizi, na asali ya Kirita ikatapakaa chini kama kitu kilichochinjwa. Lakini Mrutu hakuja. Kamba fupi ilikuwa imemdaka. Alikuwa akining'inia ubavuni mwa shina, miguu ikikwaruza gome, nyuki wamemjaa uso na shingo.

Akalipata shina, akalikumbatia. Na hapo, kwa uchungu na kwa hofu, damu ya mababu ilimwamkia: alitaka kushuka kama walivyoshuka wao, upesi, kwa mikono mitupu, ayakimbie yale maumivu. Tawi lilikuwa chini yake, likiizuia kamba fupi isiteremke naye. Namkunda aliona mkono wa mwanawe ukienda kwenye fundo. Fundo lile moja. Lile pekee.

Alifungua kinywa amwite, na sauti haikutoka. Hofu ya miezi yote ilikuwa imeikausha. Alisukuma, akasukuma, kama mama kwenye uchungu, na hakikutoka hata kilio.

“Mrutu!”

Sauti ilikuwa nzito, ya chini, na ilitikisa majani. Watu waligeuka wasiamini. Mzee Kiangi alikuwa ameugeuzia mti uso wake. Fimbo imeanguka. Alikuwa amelitaja jina lisilotajwa, na sasa alikuwa ameshika shina kwa mikono yote miwili.

“Mrutu! Ile nyingine imeshika?”

Juu kimya. Mkono bado uko kwenye fundo.

“Mwanangu!” aliita, na sauti ikampasuka katikati. “Nakuuliza! Imeshika?”

Mkono ulisimama. Kwa muda ambao Namkunda hakuweza kuupima, hapakuwa na kitu duniani ila mkono ule. Kisha ukaacha fundo. Ukapapasa kiunoni, ukakipata kipande cha kamba iliyoungua, kilichokuwa bado kimefungwa kwenye mkanda. Kilikuwa kifupi, lakini kilitosha kuzunguka panda ya kitawi kibichi juu ya kichwa chake. Akafunga. Akavuta mara ya kwanza, akavuta tena kwa uzito wake wote.

“Imeshika!” alijibu, kwa midomo iliyokwisha kuvimba.

“Basi fungua ile.”

Hivyo akashuka. Kila penye tawi mzee aliuliza, na kila penye tawi kijana alijibu. Na kabla hajafikia tawi la mwisho kijiji kizima kilikuwa kikiuliza kwa sauti moja, Mbonea akiwa wa kwanza wao. Miguu ya Mrutu ilipogusa mizizi, alitembea hatua chache akaanguka kifudifudi mbele ya mamaye, na Namkunda akamfunika kwa mwili wake, akimtoa miiba ya nyuki mmoja mmoja, bila neno, maana sauti yake ilikuwa haijarudi.

Mmoja wa wazee aliitazama asali ardhini. “Na pombe ya arusi?” aliuliza. “Mzinga wa baba haupo tena.”

Mzee Kiangi alikuwa bado ameegemea mvule. “Asali imemwagika,” alisema. “Mkwe hakumwagika.”

Arusi ile ilinywewa pombe ya miwa, na wote walioinywa walisema haikuwa tamu, wakaomba waongezewe. Lakini kabla ya arusi, Mzee Kiangi alikwenda peke yake kwenye mteremko ulio nyuma ya msitu. Wachunga mbuzi walimsikia kwanza, wakadhani ni mnyama aliyejeruhiwa. Alikuwa amelala juu ya kaburi la Sengondo akimlilia kwa miaka yote aliyojizuia kumlilia. Namkunda alipopata habari alikwenda, akaketi kwenye kaburi la pili, naye akamlilia Kirita. Wakaja wengine, mmoja mmoja, kila mtu na kaburi lake. Hakuna aliyeulizwa kitu. Muumba, ambaye walimwogopa wasije wakamwita mwongo, hakuwapiga; aliwanyeshea mvua laini, wakarudi nyumbani wamelowa.

Msiseme kwamba siku ile ahadi ilishindwa. Ahadi ilitimia, ila ilikuja na mikono, na watu wa Ngweta walikuwa wamezoea kungoja ije peke yake. Mkono mmoja ulikuwa wa mwanamke aliyesuka kamba huku anaogopa. Mwingine ulikuwa wa mzee aliyekubali kuonekana amekosea mbele ya watu wote ili mtoto wa mwenzake aishi. Aaminiye na afunge fundo lake. Na akishalifunga, ndipo aseme anamtumaini Muumba.

Na kuanzia asubuhi ile ya ukungu, hakuna apandaye mti Ngweta kwa kamba moja. Kamba ni mbili, na ile ndefu huchovywa chemchemini kabla ya kupanda, ili kaa la mwenge lisipate cha kula. Hufungwa kwenye tawi lililo hai, karibu na shina, juu ya kichwa. Na chini ya mti husimama mkwe. Ni siku hiyo tu, katika siku zote za uchumba, ambapo baba wa binti humwita kijana kwa jina lake mbele za watu, naye kijana humjibu bila haya. Asiye na mkwe huazimwa mmoja, kwa maana hakuna apandaye pasipo wa kumuuliza. Mkwe huweka kiganja juu ya gome, huinua uso, huita, “Imeshika?” Aliye juu haachi kilichomshika mpaka amejibu.

Na ikiwa juu pamekaa kimya, mkwe haendi nyumbani. Huuliza tena.